Safari ya Mbudya tuliyompangia Bibi

"Mama, eti bahari inafungwaga saa ngapi?"

Hilo swali la binti yangu jana jioni ndo limenikalisha hapa kuandika. Alikuwa ameshika simu yangu anaangalia ratiba ya treni, maana tangu SGR ianze kubeba abiria Dar–Dodoma mwaka 2024, hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma mjini, Dar imekuwa ya kwenda na kurudi, mtu anapanda treni ya alfajiri, anafanya shughuli zake, usiku analala kitandani kwake, na yeye kichwani ameshamaliza kila kitu: treni, daladala, boti, kisiwa cha Mbudya, kuogelea, chips na samaki, treni, nyumbani. Kilichobaki ni saa ya kufunga. Nikamwambia haifungwi mama, ila kuna saa maji yanaondoka na kuna saa yanarudi. Akasema sasa si ndo kufungwa huko. Bibi angemwelewa huyu mtoto haraka kuliko mimi.

2019. Mjomba ndo alilianzisha, tena msibani, tumekaa kwenye mkeka baada ya kula, akasema mama yetu hawezi kuondoka duniani hajaiona bahari. Na mnajua maneno yakishasemwa msibani yanageuka deni. Kufika jioni group la WhatsApp limeshafunguliwa, mama mdogo wa Tegeta kapewa upande wote wa Dar, mimi nimepewa daftari la michango, na ubishi umeanza, huyu anasema Bongoyo unapanda boti Msasani, yule anasema Mbudya unapandia Kunduchi na toka Tegeta hapo ni pua na mdomo, basi ikawa Mbudya. Mwenye safari alikuja kuambiwa baadaye.

Tulimfuata Bibi kijijini kwake Mvumi, huku huku Dodoma, kumwambia. Tulimkuta uani anachambua karanga za mbegu, zilizonyauka anaweka pembeni, nzuri anarudisha kwenye ungo, na muda wote tunaoongea mkono haukusimama. Mjomba akaeleza vizuri sana, kisiwa, mchanga mweupe, samaki wa kukaanga, kivuli cha makuti, kwenda asubuhi kurudi jioni. Bibi akauliza: mwezi wa ngapi?

Mjomba akasema Desemba, watoto wamefunga shule.

"Desemba mimi napanda."

Hapo hakuna aliyemjibu. Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza huko Desemba, ikidondoka ile ya kwanza hujapanda uwele na mtama wako basi mwaka mzima unaishi kwa kuhesabu debe za wenzako. Tukasema sawa, Juni, mavuno yameshaingia ndani. Mama mdogo akaenda kuuliza wavuvi pale Kunduchi, wakamwambia Juni ni kusi, upepo unavuma na bahari inachafuka, mtu mzima asiyeizoea msimlete. Yaani kalenda ya shamba inasema hivi, ya bahari inasema vile, tukatafuta penye upenyo tukaangukia Oktoba, kusi imelegea, kaskazi bado haijakaza, na shambani hakuna kazi zaidi ya kusafisha. Nyerere Day, tarehe 14, ilikuwa inaangukia Jumatatu. Jumamosi tupande basi, Jumapili Bibi asali, maana kumkosesha kanisa lisingewezekana hata kwa bahari, Jumatatu kisiwani.

Halafu maswali ndo yakaanza kwa kweli. Kuna maji ya kunywa huko? Hakuna, kisiwa kizima hakina kisima, mnabeba yenu au mnanunua ya chupa. Akasema nitabeba dumu. Wenyewe ni akina nani? Mjomba akamwambia hakina mwenyewe, ni hifadhi ya serikali toka 1975, kiko pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na pale haturuhusiwi kuvua wala kuondoka hata na kombe. Bibi akanyamaza. Kwetu Mvumi miaka ya themanini mifugo iliondolewa ili ardhi ipone, makorongo yalikuwa yanameza mashamba, na ng'ombe wa babu waliondoka kipindi hicho. Akachagua karanga moja, akaitazama, akaiweka pembeni.

"Na waliokuwa wanavua pale sasa wanavua wapi?"

Mjomba hakuwa na jibu. Mimi pia mpaka leo kila nikisikia neno hifadhi lile swali linakuja lenyewe.

Jambo la mwisho lilikuwa mwezi wa angani. Mama mdogo alipiga simu akasema jamani wavuvi wanasema siku hiyo ni bamvua, mwezi mpevu, asubuhi maji yatakuwa yanakupwa yanaenda mbali sana, boti haifiki ufukweni, itabidi mtembee kwenye maji kuifuata, au msubiri mpaka mchana yaanze kujaa. Tukaweka spika. Sisi wote tukasema tusubiri mchana, mtu mzima asilowe. Bibi akasema hapana, twende wakati maji hayapo. Akauliza jioni yatakuwa yamerudi? Yatakuwa yamerudi. Basi jioni tutakuwa tunarudi na sisi. Kwake lilikuwa limeisha, akaomba aletewe gunia la karanga jingine.

Safari yenyewe siielezi sana, basi ni basi, Gairo, Morogoro, Chalinze, Bibi alikataa kula chochote njiani isipokuwa kiazi alichotoka nacho nyumbani, Jumapili akasali Tegeta akasema wanaimba haraka. Jumatatu saa tatu tuko Kunduchi. Na kweli bahari ilikuwa imeondoka, mchanga na majani mpaka mbali, ngalawa zimelala ubavu, kina mama na watoto wanatafutatafuta vitu kwenye vidimbwi, na Bibi akatembea pale katikati na khanga yake kaipandisha magotini, dumu amekataa kumpa mtu, akafika kwenye maji akachovya kidole akaonja, akasema kile kisima cha chumvi cha kwetu kina nafuu. Akavalishwa laifu jaketi juu ya gauni. Kwenye boti alifumba macho. Dakika chache tu, tukashuka.

Sasa hapa.

Mbudya sikukuu watu ni wengi, mziki kila banda, mjomba anapatana bei ya samaki, mama mdogo anatandika mkeka uso kwa bahari ili Bibi aone vizuri, ndo ilikuwa hoja yenyewe ya safari. Nageuka, Bibi hayupo. Nikamwona nyuma ya mabanda anaelekea kwenye miti, anatembea haraka kuliko alivyotembea siku zote tatu, nikamkimbilia nikidhani anatafuta msalani.

Kumbe kaona mbuyu.

Kisiwani kuna mibuyu jamani, sisi wenyewe hatukujua, hakuna aliyewaza kuuliza hilo, tuliuliza upepo na boti na bei ya samaki. Na siyo midogo. Bibi akafika akaushika kwa viganja vyote viwili, akasimama hivo. Halafu akaanza kuuzunguka taratibu, mkono mmoja haujaachia gome, anapapasa kwa chini, pale ambapo kwetu mibuyu yote ina makovu ya watu waliochuna magome kusokota kamba, na kwa juu kidogo, pale kwenye mashimo ya vigingi walivyopandia kufuata asali. Nilielewa anachotafuta kwa sababu nimekulia chini ya mibuyu hiyo hiyo. Akamaliza mzunguko, akarudia. Ngozi ya ule mti ilikuwa na majina ya watu yaliyochorwa kwa kisu, mioyo, namba, lakini kovu la kamba hakuna, kigingi hakuna. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, kama anayemsema mtu aliyepo:

"Huu haujawahi kumsaidia mtu."

Kisha akatazama juu. Mibuyu yetu siku tunaondoka Mvumi ilikuwa mitupu, matawi makavu kama kawaida ya Oktoba, ila Pwani vuli ilikuwa imeshaanza kudondosha, na ule ulikuwa umechipua, majani mabichi, laini, ya kijani kile cha mwanzo. Tawi moja lilikuwa limeinama. Akavuta jani, akakumbuka maneno ya mjomba, akaniuliza na hili haliruhusiwi? Nikamwambia sidhani kama jani moja lina shida Bibi lakini bora tuache. Akaliachia. Tawi likapanda juu. Akabaki analiangalia, vidole vinasugua kana kwamba bado limo, akaanza kunihesabia mimi mboga ambayo ingepatikana pale, unayakausha, unayatwanga, unaweka kwenye chungu, mlenda wa kiangazi chote, na chini pale watu wanakula chips.

Tukakaa kwenye mizizi. Nikamwambia Bibi twende kule, mkeka umetandikwa, bahari iko kule. Akasema bahari nimeiona. Mgongo wake ulikuwa umeielekea. Akafungua dumu, akanimiminia kwanza mimi, akanywa, akamwaga kidogo chini kwenye shina, na hapo tulikaa mpaka mjomba akaja na samaki kwenye sahani anauliza kulikoni, mbona mnakaa porini.

Jioni maji yalikuwa yamejaa kama tulivyoambiwa, boti ikatushusha karibu na ufukwe, Jumanne basi, usiku Mvumi. Vuli yetu sisi haipo, lakini Desemba mvua ilikuja na Bibi alipanda kwa wakati.

Majirani walimjia kuuliza bahari ikoje. Nilikuwepo siku moja. Aliwaeleza mbuyu, unene wake, majani mwezi wa kumi, akawaeleza bei ya maji ya chupa, akaeleza ufukwe uliokauka. Wakamuuliza na maji yenyewe? Akasema mengi.

Bibi hatunaye tena. Lile group bado lipo, siku hizi ni la birthday na rambirambi, na kila mwaka ikifika Nyerere Day mjomba anarusha picha ile ambayo Bibi amekaa chini ya mbuyu na laifu jaketi hajavua, na ubishi unaanza upya. Mjomba anasema mama alichoka tu, tulimpeleka mbali kwa kitu ambacho hakuwahi kukiomba, na akumbukwe yeye mwenyewe ndo alilianzisha lakini sasa hivi ndo anayelitilia shaka kuliko wote. Mama mdogo anasema acheni, yule alifurahi kuliko sisi wote. Wananiuliza mimi kwa kuwa nilikaa naye pale. Nawaandikia alichosema na alichofanya, kila kitu, jani, dumu, yote, na kila mmoja anasema si unaona, ndo nilichosema.