Ua la Usambara: nilivyomjibu mwalimu

Nina kitalu kidogo cha maua Muheza. Siku moja mwalimu wa baiolojia alinunua chungu cha violeti ya Kiafrika, ndilo ua la Usambara, akasimama akisoma lebo. "Dada, wewe umeandika Saintpaulia. Kwenye simu yangu naona Streptocarpus. Wanafunzi niwape jina lipi?" Sikuwa na jibu, nikampunguzia bei.

Nilisoma usiku kucha nikazidi kuchanganyikiwa. Kilichonifungua macho ni kuchana maua. Nililivuta ua polepole, petali zote tano zikatoka kwa pamoja, zimeshikana chini. Ndani kuna stameni, yaani vijiti vya chavua, mbili tu za manjano. Violeti halisi ya Ulaya hutoa petali moja moja, na stameni zake ni tano. Kumbe ni rangi tu iliyowapoteza Wazungu wakaliita violeti! Nikaenda shambani kuchuma ua la ufuta, nalo likachomoka zima. Ufuta na ua letu wamo katika oda moja (kundi la familia za mimea), Lamiales, ila familia mbalimbali: letu ni la Gesneriaceae, iliyopewa jina la Conrad Gesner, Mswisi wa karne ya 16.

Ubishi wa majina ukabaki. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, ndiye aliyelipeleka kwao kutoka huku Tanga, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Streptocarpus maana yake ni tunda lililosokotwa, na kweli matunda ya jamaa hao yamejipinda kama kamba. La kwetu halijapinda, ndiyo maana lilikaa katika jenasi (kundi la spishi za karibu) ya peke yake zaidi ya miaka mia. Kisha wataalamu wakapima vinasaba, wakaona limezaliwa humo humo katikati ya Streptocarpus. Tunda kunyooka hakukulitoa katika ukoo. Mwaka 2015 jenasi hizo mbili zikaunganishwa rasmi.

Mimi jina la zamani nalipenda zaidi, na wateja ndilo wanalolijua. Lakini lebo zangu sasa zinasema Streptocarpus ionanthus, na chini yake, kwa herufi ndogo, "zamani Saintpaulia".

Mwalimu alirudi na darasa zima. Kila mwanafunzi nilimpa ua moja avute, kisha la ufuta. Vyungu vitatu vilibaki majani matupu.