Mgongo wa Shaba

Shaba ni farasi jike wa miaka 17. Ujana wake aliumalizia kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na sasa yuko huku Karen akifundishia watoto kupanda. Mimi ndiye saisi wake, mtunzaji wake wa kila siku. Asubuhi za Julai, baridi ya Nairobi ikishika, brashi ikifika tu pale kiunoni nyuma ya tandiko, ngozi humruka na mgongo unabonyea kukwepa mkono. Siku ya namna hiyo mkanda wa tumbo unafungwa polepole, tundu moja, tunatembea kidogo, halafu tundu lingine.

Maumivu yake huja na kuondoka. Na kila yakirudi hakosekani mtu mwenye dawa yake: mafuta ya mkaratusi, manjano ndani ya pumba, poda ya viungo vya mwili ya kopo kubwa iliyochorwa farasi anaruka. Daktari wetu wa mifugo anasema ushahidi wa hizo poda ni hafifu. Mimi naongeza kwamba bei ya kopo moja ni marobota kadhaa ya nyasi.

Daktari huyo alipoitwa mara ya kwanza alibonyeza mgongo kwa vidole, kutoka mabegani hadi mkiani, kisha akauacha. Akainama kwenye miguu ya nyuma. Akaukunja mmoja, akaushikilia hivyo kama dakika moja, akauachilia na kuniambia, "Mkimbize sasa, mzee." Hatua za kwanza Shaba alichechemea wazi. Eksirei ikaonyesha baridi yabisi kwenye viungo vidogo vya chini vya lile goti la nyuma linalopinda kinyume. Mgongo nao ulipigwa picha: ile mifupa inayosimama wima chini ya tandiko, miwili imesogeleana karibu kugusana. Lakini daktari alitutuliza kwamba farasi wengi wana picha kama hiyo na wanafanya kazi bila kuumwa. Kwa Shaba, miguu ndiyo inayoanza. Akiogopa kuikunja na kusukuma nayo, kazi ya kusukuma inahamia kiunoni, na misuli ya kiuno inakaza.

Ndiyo maana kumkanda mgongo peke yake hakukutosha. Ulilegea, ukakaza tena.

Alichomwa sindano ya steroidi ndani ya viungo, na ilimpa nafuu ya miezi. Ile dawa ya maumivu ya unga ambayo kila zizi linayo tunampa kwa siku chache tu, daktari akisema. Ikitumika ovyo hutoboa vidonda tumboni na kuumiza figo. Jambo linalonikera zaidi ni kumpa asubuhi ili abebe mtu jioni. Hapo umemnyamazisha, hujamtibu, naye atatumia kile kiungo kibovu kama kizima.

Tandiko ndilo lililotugombanisha. Farasi anayeumwa mgongo hupungua misuli pande mbili za uti, kwa hiyo tandiko lililomkaa vizuri Januari huenda Juni limeshuka na kukandamiza mabega. Hapa moja lilikuwa linazungushwa kwa farasi watatu. Nilimwita mama mwenye farasi, nikamwomba aingize mkono chini ya tandiko, Shaba akiwa amefungwa mkanda. Vidole havikupita. Nikamwonyesha na nywele nyeupe mabegani, alama ya tandiko la zamani lililobana, pengine tangu enzi za mbio. "Haya, nimeona," akasema. Shaba akapata lake.

Uzito wa wapandaji haukuisha kwa urahisi hivyo. Kanuni inayotumika sana ni mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Shaba ana kilo 480 hivi, na kwa mgongo wake tumekubaliana asilimia 15, yaani kilo 72. Kuna wazazi wanaotaka kujaribu kidogo baada ya somo la mtoto. Namwachia mama awajibu.

Yaliyobaki ni kazi ya kila siku, isiyo na maajabu. Usiku halali bandani, yuko nje anatembea, kwa sababu kiungo kibovu kikisimama kwa muda wa saa 12 kinaganda. Mvua ikinyesha namvika blanketi. Udongo wetu ni ule mweusi: masika unanata hadi kuvuta kwato, kiangazi unakuwa mgumu na kupasuka, kwa hiyo nyakati hizo mbili mchakamchaka ni kwenye mchanga tu. Kabla ya somo anatembea dakika 20 bila mtu. Baada yake namshawishi kwa karoti: ageuze shingo hadi ubavuni kulia, kisha kushoto, kisha ainamishe kichwa katikati ya miguu ya mbele, mgongo uinuke. Siku nyingine tunapita taratibu juu ya fito zilizolazwa chini. Anainua miguu kwa kununa, lakini anainua.

Kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza kwa nini tusimstaafishe tu. Atastaafu, na siku hiyo haiko mbali. Ila hata akistaafu atahitaji kutembezwa, kwa kuwa farasi mwenye viungo vibovu akiachwa asimame huzidi kukakamaa, na akinenepa ndiyo mzigo unaongezeka.

Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki 6. Safari hii nimemwomba awahi: ncha ya kwato ya nyuma kushoto imeanza kulika upande mmoja, maana yake Shaba anauburuta tena ule mguu. Nataka aione ilivyo kabla hajaichonga, na daktari apate picha yake.