Wamekariri, Shangazi

Binti wa Mjomba kaolewa Jumamosi, mkaguzi kaja na kuondoka, lakini kinachonizunguka kichwani ni maneno ya Shangazi pale mlangoni pa darasa la kwanza.

"Mwanangu, hawa hawasomi. Wamekariri."

"Ndiyo, Shangazi, kwanza wanakariri."

"Sasa utajuaje wameanza kusoma?"

Kengele ikalia, akaenda zake. Swali lake ni la haki, ndiyo maana linauma. Darasani kwangu tunajifunza kusoma kwa ubeti, na ubeti wa wiki ni huu:

Kuku wangu wa madoa,
Kapu lake limeloa,
Mayai nimeyatoa,
Hakuna lililopoa.

Unaandikwa kwenye bango, herufi kubwa za kuonekana hadi dawati la nyuma, kila mshororo mstari wake, nafasi kati ya neno na neno upana wa vidole viwili. Siku mbili za kwanza hakuna kuimba. Mwalimu anasoma peke yake, ufito ukipita chini ya maneno. Kisha anasoma mshororo, nao wanaurudia. Kisha wote pamoja. Mwisho wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole. Dakika kumi na tano zinatosha. Wimbo ukitangulia, sikio linafanya kazi yote na macho yanakwenda dirishani. Tena tuni nyingi huvuta silabi ya mwisho, mtoto akaja kusoma "nimeyatoaaa", wakati mkazo wetu unakaa kwenye "to". Akishausoma vizuri ndipo aimbe, na hapo wimbo unampa kiimbo na mwendo ambao silabi za ba-be-bi-bo-bu haziwezi kumpa.

Kidole ndicho kinachosema kweli. Mtoto aliyezoea kusoma silabi hugonga neno jipya kwa kila silabi. "Mayai nimeyatoa" ni maneno mawili yenye mizani (silabi) nane. Mdomo ungali kwenye "ni", kidole kimeshafika "lililopoa". Huyo anaimba, hasomi. Dawa yake ni kuburuza kidole chini ya neno zima bila kugonga, hata kama ubeti utakwenda polepole.

Na jibu la Shangazi, ambalo nimelirudia jikoni, kwenye daladala, hata harusini: badilisha neno moja bila kutangaza. Alhamisi bango lilisomeka "Mayai nimeyaona". Usibadilishe mwanzo wa neno, badilisha mwisho, maana huko ndiko watoto wasikotazama. Darasa zima likapaza sauti, "nimeyatoa!" Isipokuwa yule mdogo wa dawati la mbele, ambaye hasikiki kamwe. Alinyamaza. Akarudisha kidole mwanzo wa neno, akakiburuza taratibu, "nimeya... ona", kisha akasema, "Mwalimu, mayai bado yako kwenye kapu!"

Kaona neno, tena kaelewa kilichobadilika kwa kuku. Natamani Shangazi angekuwa bado amesimama pale mlangoni. Sina tena kinyongo, nina hamu tu ya Jumatatu: nitakata mishororo minne iwe vipande, niivuruge, waipange upande wa pili wa chumba, mbali na bango. Wale wanaotegemea kumbukumbu wataanza kuimba kutoka juu ili wafike wanapopataka. Hao ndio nitakaokaa nao.