Msasa uliniulia qi

Nilipokuwa nasomea uchongaji Taipei, mwalimu alinipa gogo la mti wa kafuri nichonge mtu wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, katika pozi la "mjeledi mmoja": goti la mbele limekunjwa, kiganja cha kushoto kinasukuma, mkono wa kulia umebaki nyuma na vidole vimekusanywa kama mdomo wa ndege. Sharti lake moja: qi ionekane.

Qi, inayotamkwa "chi", ni nguvu ya uhai ambayo kwa Wachina hupita mwilini, mlimani, hata kwenye jiwe. (Hiyo "chi" ya taichi ni herufi nyingine kabisa, mimi nilizichanganya miezi.) Taiwan wanaiandika kwa alama ya mvuke juu, mchele chini. Sasa mvuke unauchongaje?

Halafu ile harufu! Kule wanachongea miungu ya mahekalu kwa mti huo, lakini mimi mtu wa pwani, kafuri ni ya kuoshea maiti. Natafuta uhai ndani ya karafuu maiti.

Wiki tatu nikahangaika na kucha, kope, mikunjo ya suruali. Nikapiga msasa hadi mti ukateleza. Mwalimu akaizunguka sanamu mara moja, akauliza, "Huyu anangoja basi?"

Jumapili nikaenda Jinshan, kwenye makumbusho ya Ju Ming, mchongaji wa Taiwan aliyeanza mazoezi ya taichi mwaka 1976 kwa ushauri wa mwalimu wake, Yang Yuyu. Watu wake wa shaba hawana kope wala kucha. Ni mabapa makubwa, makwaruzo yameachwa wazi. Nilipomtazama mmoja kwa nyuma ndipo nikaona kiuno kinavyomzungusha mzima mzima.

Nikajiunga na wazee bustanini alfajiri. Bibi mmoja alinigonga kisigino kwa mwavuli: nguvu inaanzia hapo, kiuno kinageuka, mkono unafika tu.

Gogo la pili nililichora mstari mmoja wa mkaa, kisigino hadi kiganja. Nikaegemeza patasi kwenye nyuzi za mti, nikapiga, nikaacha mti upasuke wenyewe. Pigo moja liliondoka na nusu ya uso. Nikaiacha hivyo hivyo.

Safari hii mwalimu alizunguka mara mbili. Akaweka kiganja mgongoni mwa sanamu, pale nyuzi zinapojisokota, kisha akachukua msasa wangu mezani akautia mfukoni mwake.