Ngozi Ilipona, Macho Yakabaki

Karibu kila ninapokwenda kununua dawa ya macho, muuzaji huniuliza kama nina vikope. Simlaumu, kwa kuwa nilizaliwa Kongwa, mkoani Dodoma, wilaya ambayo trakoma, yaani vikope hivyo, imeifanya ijulikane hata kwa watafiti wa ng'ambo, na kope zangu zilizojikunja kwa ndani zinafanana sana na za bibi zetu waliougua ugonjwa huo tangu utotoni. Kope zangu, hata hivyo, hazikuharibiwa na trakoma. Ziliharibiwa na dawa ya kumeza.

Mwaka 2003 malaria ilikuwa ikitibiwa nchini kwa SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, iliyokuwa imechukua nafasi ya klorokwini tangu mwaka 2001. Nilimeza vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja kama nilivyoelekezwa, na homa ikashuka. Siku ya kumi na moja homa ilirudi, midomo ikavimba, na macho yakawa mekundu na kukereketa kana kwamba yametiwa mchanga. Kesho yake madoa ya rangi ya zambarau yalitokea kifuani, yakageuka malengelenge, kisha ngozi ikaanza kubabuka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Ugonjwa huo huitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa New York ambao mwaka 1922 waliandika habari za wavulana wawili waliokuwa na homa, vipele, vidonda vya mdomoni na macho yaliyojaa usaha. Macho, kwa hiyo, yalikuwamo katika maelezo ya kwanza kabisa ya ugonjwa, jambo ambalo hunirudia kila ninapokumbuka kwamba wodini nilikolazwa yalisahauliwa.

Sina neno na wauguzi wale, maana waliniokoa. Walisimamisha dawa zote zilizotiliwa shaka, wakanitundikia maji, wakasafisha vidonda na kunilaza juu ya majani mabichi ya migomba ili shuka zisinigande mwilini. Ila kwa siku tisa kope zangu zilikuwa zimegandana kwa tongo, na hakuna aliyezifunua. Mama alikuwa akizipangusa kwa nje kwa pamba na maji ya uvuguvugu, akidhani kwamba zikiachwa zitafunguka zenyewe ngozi itakapopona.

Kilichokuwa kikitokea chini ya kope ndicho ambacho natamani kila anayemuuguza mgonjwa wa namna hii akijue. Utando mwororo unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope huchubuka kama ngozi inavyochubuka, na vidonda viwili vibichi vinavyotazamana vikiachwa vikutane, hushikana na kuota pamoja. Kope zangu za chini zilifunguliwa zikiwa zimeshikamana na jicho kwa nyuzi za kovu, na nyuzi hizo hazijatoka hadi leo.

Kinga yake huanza siku ileile mgonjwa anapolazwa, hata kama macho bado yanaonekana mazima, kwa sababu wekundu wa siku ya kwanza hauonyeshi jicho litaishia wapi. Daktari wa macho anatakiwa kuitwa mapema na kurudi kila siku. Macho huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, tandu zinazoanza kuunganisha kope na jicho huondolewa kwa uangalifu, matone ya kulainisha hutiwa mara nyingi mchana na usiku, antibiotiki hutumika pale konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inapokuwa imechubuka, na matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hutolewa na daktari huyo mwenyewe kwa kipimo anachokifuatilia. Mgonjwa asiyeweza kufumba macho hufunikwa konea yake isikauke. Macho yaliyoathirika sana huwekewa utando wa ndani wa kondo la nyuma, uliochukuliwa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji na kupimwa magonjwa ya kuambukiza, nao hutanda juu ya jicho na kope kama shashi, ukituliza uvimbe na kuzuia vidonda visigusane. Kwetu kondo huzikwa nyuma ya nyumba. Niliposikia kwamba lingeweza kuokoa macho yangu nilicheka, kisha sikucheka tena. Faida yake kubwa huonekana likiwekwa katika siku za mwanzo, na wiki ya kwanza ikishapita bila matibabu, kinachofuata huwa zaidi ni kuishi na makovu.

Kuishi nayo kuna kazi. Machozi yangu ni machache, hivyo natia matone ya kulainisha karibu kila saa, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba chupa za bei nafuu nilizokuwa nikinunua zilikuwa na kemikali ya kuzuia vijidudu ambayo, ikitumiwa mara nyingi kiasi hicho, yenyewe huchoma uso wa jicho. Sasa nanunua yasiyo na kemikali hiyo, yaliyo katika vichupa vya kutumia mara moja, ingawa bei yake inaumiza. Kuna pia matone yanayotengenezwa kwa maji ya damu ya mgonjwa mwenyewe, lakini hayo hutaka kuandaliwa kwa usafi mkubwa na kuhifadhiwa kwenye baridi muda wote, na umeme wa mtaani kwetu haujanipa ujasiri wa kuyajaribu. Matone mchanganyiko yenye steroidi, ambayo watu hujinunulia bila kuonana na daktari, siyagusi, kwa kuwa huweza kupandisha presha ya macho kimyakimya. Siyagusi pia matone yoyote yenye salfa, kwa sababu SP ina dawa ya jamii ya salfa; Septrin, antibiotiki yenye salfa, nayo imo katika orodha ninayotembea nayo kwenye pochi. Haya siyasemi ili kumtisha mama mjamzito anayepewa SP kliniki, kwani madhara kama yangu hutokea kwa nadra sana.

Watu wema hunishauri nibadilishiwe kioo cha jicho. Daktari wangu alinieleza kwamba chembe zinazozalisha ngozi ya konea, zilizopo pembezoni mwake, ziliungua pamoja na vingine, na konea ya kupandikizwa kwenye jicho kavu lisilo na chembe hizo mara nyingi hufifia tena. Ananisisitizia mambo madogo: matone, miwani ya jua, na nywele za kope zinazokwaruza konea zing'olewe kabla hazijatoboa kidonda. Binti wa dada yangu ndiye fundi wa kibanio. Jumapili iliyopita alining'oa tatu jicho la kulia na moja la kushoto, na usiku huo nililala bila kukereketwa.