Shingo ya Golikipa

Ilikuwa jioni ya msimu wa karafuu, kwenye kiwanja chetu nje kidogo ya Wete, Pemba. Golikipa aliurukia mpira wa chini, kidevu kakiinamisha, utosi ukagonga nguzo ya goli. Nguzo zetu ni miti ya mvinje.

Nilimkuta chali, macho wazi. "Kaka, mikono imenifa ganzi."

Nikapiga magoti nyuma ya kichwa chake, viwiko nikaviegemeza chini, nikakishika kwa viganja viwili vile vile nilivyokikuta. "Usitikisike, hata kuitikia. Nijibu kwa mdomo."

Watu wakajaa. Mmoja keshamtia mikono kwapani, na mzee mmoja anapiga kelele: "Mkalisheni, mpeni maji!"

"Ami, niwie radhi. Asiguswe, na maji asinywe."

Alikasirika. Mzee yule ndiye aliyenisomesha chuoni, namheshimu mno, lakini pale sikuweza kumtii.

Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kule Unguja tulioneshwa video za mpira wa magongo wa kwenye barafu. Mchezaji anasukumwa kwa nyuma, anagonga ukuta wa uwanja kwa utosi, kichwa kakiinamisha, na shingo inabeba kishindo cha mwili mzima. Waokoaji wakishuku shingo imeumia, helmeti hawaivui maadamu anapumua vizuri na njia ya hewa inafikika: mabega yameinuliwa na pedi za kujikinga alizovaa, ukiivua helmeti peke yake kichwa kinaangukia nyuma. Mwenzetu mmoja aliuliza barafu inatuhusu nini Wapemba. Mimi niliiona ajali ile ile kwenye mvinje.

Sisimizi wakanipanda mikononi, nikawaacha waume. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake tu, na kila mara namuuliza kama anahisi vidole vya miguu.

Wakaja na mlango wa duka. Watatu wakakaa ubavuni: begani, nyongani, miguuni. Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu, na wote wanamfuata yeye. "Nikisema tatu." Akageuzwa mzima mzima kama gogo, mlango ukapenyezwa, tukamlaza. Kanga zilizokunjwa zikawekwa pande mbili za kichwa, na bado sikukiachia. Gari ikaenda mwendo wa kinyonga hadi hospitali, dereva akikwepa kila shimo.

Akavalishwa kola ngumu, akapigwa eksirei, ukaonekana ufa kwenye mfupa wa shingo. Akavushwa Unguja kwa matibabu zaidi. Alirudi anatembea kwa miguu yake, na mpira kauacha kabisa.