Siku Tuliyoitafuta Katalesi

Niliposhusha neli kutoka kwenye kabati la mwanga, safu moja ilikuwa imegeuka kijani hafifu chenye umanjano, na ya pili ilikuwa angavu kama maji ya kunywa. Zote nilizipanda siku moja, katika maji yaleyale ya bahari yaliyochujwa, kwa virutubishi vilevile na seli chache mno za Prochlorococcus, bakteria wa baharini anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Zile za kijani zilikuwa na mgeni mmoja wa ziada, bakteria wa baharini aitwaye Alteromonas.

Nilikuwa mwanafunzi, na Prochlorococcus nilikuwa nikimhusudu. Hafiki hata mikromita moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, ila mililita moja tu ya maji ya bahari za joto yaweza kubeba seli zake 100,000, na Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao hawakuutangazia ulimwengu habari zake mpaka 1988. Kiumbe aliyetawala bahari kiasi hicho anashindwaje kuishi peke yake kwenye neli safi?

"Katafute jeni ya katalesi," msimamizi wangu aliniambia, basi. Katalesi ni kimeng'enya.

Jenomu, yaani DNA yote, ya aina ya Prochlorococcus iitwayo MED4 ilichapishwa 2003: herufi 1,657,990, jeni kama 1,700. Nikachukua katalesi za bakteria wengine, nikazilinganisha nayo. Hakuna kitu. Nikaigeukia aina nyingine, MIT9313, yenye herufi milioni 2.4. Huko nako patupu.

"Haipo, Dokta."

"Sasa jua likipiga maji ya bahari, kunatokea nini?"

Mwili ulinisisimka. Jua hutengeneza haidrojeni peroksaidi majini, sumu inayounguza seli, na katalesi ndiyo huivunja. Prochlorococcus amewaachia majirani kazi hiyo! Baharini majirani hawakosekani; kwenye neli zangu safi hakuwepo wa kumsafishia. Na kwa anayeishi mahali ambapo nitrojeni na fosforasi ni za kuokoteza, kila jeni anayoitupa ni akiba, maana DNA yenyewe hujengwa kwa hizohizo.

Mchana wote uliobaki nilisaka mengine yasiyokuwepo. MED4, anayekaa juu kwenye mwanga mkali, hana jeni za kutumia naitreti wala naitraiti, ambazo hubeba nitrojeni majini. Kwa nitrojeni hutegemea zaidi amonia. MIT9313 huishi kina kirefu zaidi, karibu na tabaka ambako naitraiti hujikusanya, na jeni ya kuitumia anayo.